Re: Re: Re: Wamenikatalia mafao, eti mimi mchezaji

Kutoka: Baba Nuru
Jumanne, 18 Novemba 2025

Wakubwa shikamooni, wengine habari za siku nyingi.

Nina shida na ofisi. Wengi mnajua tangu 2019 nauza soseji na bia uwanja wa besiboli hapa mjini kwetu, huku Marekani. Mwajiri wangu ni kampuni ya chakula, si timu. Timu yetu haikuuona mtoano hata kwa mbali, kwa hiyo mwisho wa Septemba mechi zimekwisha na kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Kila mwaka naomba mafao ya kukosa kazi, napokea mpaka Machi, Januari fomu yake ya kodi, 1099-G, inakuja, naitangaza kwenye kodi, sigombani na mtu.

Mwaka huu wamenikatalia. Barua inasema niko "kati ya misimu miwili ya michezo" na nina "uhakika wa kutosha" wa kurudi, basi silipwi. Mimi nina miaka 58 na goti la kulia halikunji. Mchezo gani huo? Bao?

Nimepiga simu siku tatu. Mara ya mwisho nimesikiliza muziki saa mbili na dakika arobaini, kisha ikakatika. Ninauliza mambo mawili tu: rufaa niitume kwenye akaunti ya mtandaoni au kwa faksi? Na nikishakata rufaa, ile taarifa ya kila wiki kwamba bado sina kazi naendelea kuijaza au nasimama? Mama Nuru presha imepanda, na kodi ya nyumba ni tarehe moja.

Kutoka: Mama Tumaini (Philadelphia)

Pole sana Baba Nuru. Usikae na hiyo barua. Rufaa ni siku 21 kuanzia tarehe iliyochapwa juu, si siku uliyofungua bahasha. Mimi 2022 barua ilienda nyumba niliyohama, jirani akanitunzia kwa wema wake wiki mbili, na akanipa pamoja na katalogi ya fanicha. Nilibaki na siku tano. Nikaandika usiku, jikoni, ugali ukaungua. Nilishinda, lakini pesa ilikuja Aprili nikiwa tayari nina kazi.

Uko jimbo gani?

Kutoka: Sele wa Oakland

Mama Tumaini, hiyo 21 ni ya kwenu Pennsylvania. California ni 30. Tusimpotoshe mzee wa watu.

Ila Baba Nuru, wewe angalau una timu ya kurudia Machi. Sisi Oakland tulikuwa na A's tangu 1968. Septemba 2024 wakacheza mechi ya mwisho pale uwanja wa Coliseum, watu wanazoa udongo wa uwanja kwenye vikombe kama wanahamisha kaburi. Jirani yangu aliuza njugu pale tangu ana nywele nyeusi. Sasa wamejibanza Sacramento kwenye uwanja wa timu ya ligi ndogo, wanasubiri 2028 waingie Las Vegas, ambako bunge la Nevada limewatengea mpaka dola milioni 380 za umma. Miaka yote walikuwa wanalia hawana hela. Walipoondoka tu, wakampa mrushaji mmoja, Luis Severino, milioni 67 kwa miaka mitatu! Mpaka siku hiyo walikuwa hawajawahi kumwahidi mchezaji pesa kama hiyo tangu klabu ianze. Kumbe hela zilikuwepo, sisi ndio hatukuwepo kwenye bajeti.

Kutoka: Baba Zawadi (Minnesota)

Sele, zile hela hazikutoka kwenye mapenzi. Timu zenye mapato madogo zinapokea mgao kutoka kwa zenye mapato makubwa, na ukiupokea mgao halafu mishahara yako iko chini mno, chama cha wachezaji kinakushtaki kwamba unaula badala ya kusajili. A's walikuwa wanakimbia hiyo kesi.

Baba Nuru, pole ndugu yangu. Mimi ni dereva, redio ya lori ndiyo mke wa pili, na besiboli naisikiliza mwaka wa kumi na moja sasa. Nikwambie kitu ambacho karani wa ofisi hakijui: Novemba hata timu yenyewe haina uhakika wa kutosha. Orodha yao ina majina 40, wanaovaa jezi kila siku ni 26. Ijumaa hii, tarehe 21, ndiyo mwisho wa kuamua nani anapewa ofa ya mwakani kati ya wale ambao hawajatimiza miaka sita ya utumishi. Anayetemwa anakuwa mchezaji huru usiku huo huo. Kima cha chini mwakani ni dola 780,000, lakini akishatimiza miaka mitatu anaweza kwenda kwa msuluhishi kudai milioni nne, tano, zaidi. Ndiyo maana klabu inampenda kijana mwaka wa pili, na mwaka wa tano inaanza kumtazama kama mgeni aliyekaa sana.

Tazameni Twins, timu yangu ya huku Minnesota. 2023 wameshinda raundi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2002, mji mzima umelia. Kabla machozi hayajakauka, wakapunguza bajeti ya mishahara kwa karibu milioni 30, kwa sababu kampuni iliyoonyesha mechi zao kwenye TV ilikuwa imefilisika na ule mkataba mnono haurudi. Oktoba 2024 familia ya Pohlad, wenye timu tangu 1984, wakatangaza wanafikiria kuuza. Julai mwaka huu, dirisha linafungwa, wakamwaga karibu wachezaji kumi. Carlos Correa wakamrudisha Houston na juu yake wakaongeza milioni 33 za kumsaidia mwenyeji kumlipa! Ni kama kurudisha ng'ombe wa mahari na bado unamlipia majani. Agosti wakasema hawauzi tena, wameingiza wabia wadogo, maana deni liliripotiwa kupita milioni 400.

Na mimi namchangia huyo bilionea. Nikinunua kitu hapa kaunti ya Hennepin, senti 15 katika kila dola 100 zinakwenda kwenye uwanja. Kodi hiyo ilipitishwa 2006 bila wananchi kupiga kura. Bado nalipa kodi ya mapato majimbo manane kwa sababu tu napita na mzigo. Haya, nani mchezaji hapa?

Kutoka: Bi Salma (Atlanta)

Baba Zawadi, kama unalipa majimbo manane, aliyekujazia fomu ama mwizi ama hajui kazi. Dereva wa mizigo inayovuka majimbo hutozwa na jimbo analoishi tu, hiyo ni sheria ya shirikisho. Wanaotozwa kila wanapokanyaga ni hao hao wachezaji wako: zinahesabiwa siku za kazi kwa kila jimbo. Nitafute pembeni na W-2 zako, zile fomu za mshahara, za miaka mitatu, tuone cha kurudishiwa. Nimechoka kusema haya kila Novemba.

Baba Nuru, sasa wewe. Hayo maneno ya barua yako nayajua. Yametoka kwenye kifungu cha sheria ya shirikisho cha miaka ya 1970 kinachosema mwanamichezo wa kulipwa asipewe mafao kati ya msimu na msimu ikiwa ana uhakika wa kutosha wa kurudi. Kiliwekwa kwa ajili ya anayerusha mpira, si anayeuza soseji. Nadhani kwenye ombi kuna swali la michezo na limejibiwa NDIYO. Fungua ombi lako ulisome upya kabla hujaandika rufaa ya kurasa sita. Lakini baadhi ya majimbo yana kanuni nyingine kabisa za wafanyakazi wa msimu, ndiyo maana unaulizwa uko wapi.

Na taarifa ya wiki usiache kuijaza. Ukiiacha, ukishinda rufaa hizo wiki hazilipwi.

Kutoka: Baba Zawadi (Minnesota)

Asante kwa matusi, Bi Salma. Nitakutumia W-2.

Ila Baba Nuru, kwenye rufaa andika hivi: mkataba wa ligi na wachezaji unakwisha 1 Desemba, wenye timu watawafungia wachezaji milango, hakuna mwenye uhakika wa Machi. Mara ya mwisho waliwafungia siku 99.

Kutoka: Bi Salma (Atlanta)

1 Desemba ya MWAKA KESHO. 2026. Machi hii inayokuja mechi zipo kama kawaida. Unataka mzee aandike uongo kwenye hati ya kiapo?

Kutoka: Kijana wa Columbus

Samahanini wakubwa, naomba kuuliza hapo hapo. Mtu mwenye I-485, lile ombi la green card, inayosubiri akichukua hayo mafao, hawatasema amekula msaada wa serikali?

Kutoka: Bi Salma (Atlanta)

Hiyo ni bima, mwanangu. Mwajiri ndiye anayeilipia, mfanyakazi hachangii hata senti. Angalia EAD yako iwe hai, kwa sababu bila ruhusa ya kazi huhesabiwi kuwa uko tayari kufanya kazi. Na ile nyongeza ya moja kwa moja ya muda wa EAD imefutwa kwa waliotuma ombi la kuhuisha kuanzia 30 Oktoba. Usisubiri wiki ya mwisho.

Kutoka: Mama Tumaini (Philadelphia)

Samahani Bi Salma, na heshima zako zote, mfanyakazi hachangii WAPI? Huku Pennsylvania tunakatwa. Hati yangu ya mshahara iko hapa mbele yangu. New Jersey na Alaska pia.

Kutoka: Bi Salma (Atlanta)

Nimekubali. Majimbo matatu.

Na kwa wanaobishana timu zina hela au hazina: za wengine ni siri, lakini timu ya hapa Atlanta, Braves, vitabu viko wazi kwa sababu hisa zake zinauzwa sokoni. Mapato ya 2024 yalipita dola milioni 600, na sehemu yake ni kodi za maduka na ofisi walizojenga pembeni ya uwanja. Mpira unavuta watu, pango linalipa bili. Dodgers wa Los Angeles nao mwaka jana walitozwa zaidi ya milioni 103 za faini ya kupitisha kiwango cha mishahara, wakalipa, mwezi huu wamebeba kombe tena. Mchezaji wao Shohei Ohtani ana mkataba wa milioni 700, lakini sasa anapokea milioni 2 tu kwa mwaka. Zile 680 ataanza kulipwa 2034 mpaka 2043, bila riba. Kwa hiyo kwenye hesabu ya hiyo faini anaandikwa kama milioni 46 kwa mwaka, si 70. Na ikiwa 2034 atakuwa amehama California, jimbo huenda lisione senti. Huyo ndiye anayepanga fomu zake mapema.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu (Ohio, kwa wajukuu)

Marahaba nyote mlionisalimu.

Mkwe wangu amenieleza habari ya Bobby Bonilla, mchezaji wa zamani wa besiboli, nikashindwa kulala. Eti aliacha kucheza 2001, lakini timu ya Mets ya New York wanamlipa dola 1,193,248 kila tarehe 1 Julai, tangu 2011 mpaka 2035. Walikuwa wanadaiwa milioni 5.9, wakaona waahirishe kwa riba ya asilimia 8. Yeye akakubali kulipwa kidogo kidogo!

Mimi nimekula chaki miaka 36, nikastaafu Morogoro Julai 2023. Nilitaka changu kwa mkupuo nimalizie nyumba Kihonda. Kikokotoo cha pensheni kikanipa asilimia 33, nyingine ni ya kila mwezi. Mnakumbuka 2018 ilivyokuwa 25, watu wakapiga kelele mpaka Magufuli akaisimamisha Desemba ile. Bonilla angekuwa mwalimu wa Tanzania, nani angemwekea riba ya asilimia 8? Nyumba mpaka leo iko kwenye lenta. Na viongozi wetu...

Kutoka: Msimamizi

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo nimekata. Tulikubaliana siasa zisiingie humu, na kwa wiki hizi nawaomba zaidi. Wengine humu bado hawajapata habari za watu wao.

Kutoka: Sele wa Oakland

Ni kweli. Mtandao nyumbani Tanzania ulipozimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, sikuisikia sauti ya mama siku tano. Nilikuwa naacha Fainali za Dunia za besiboli zinaendelea kwenye TV ili kuwe na kelele ndani. Mechi ya saba, Toronto, imekwenda mpaka raundi ya kumi na moja, sikumbuki hata mpigo mmoja. Siku ya sita akapiga yeye. Akaniuliza kama nimekula.

Kutoka: Mama Tumaini (Philadelphia)

Mungu ni mwema. Sele, mwambie mama akuchagulie embe dodo, mimi nitazila kwa macho kwenye picha.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu (Ohio, kwa wajukuu)

Msimamizi, nilikuwa naelekea kusema viongozi wetu wa Simba. Usajili gani ule?

Kutoka: Baba Zawadi (Minnesota)

Mwalimu, afadhali siasa.

Kutoka: Baba Nuru
Alhamisi, 20 Novemba 2025

Nawashukuru wote, nimesoma kila kitu, hata vya Bonilla nimemsomea Mama Nuru akacheka kidogo.

Bi Salma, Mungu akuweke. Tumefungua ombi. Swali lenyewe linauliza kama kazi yangu ya mwisho ilikuwa "katika michezo ya kulipwa". Nuru ndiye aliyenijazia, maana mimi kompyuta hainipendi. Anasema aliona neno michezo, akakumbuka uwanja, akatia ndiyo. Sijamgombeza. Ana miaka 15 na ndiye anayejaza fomu zote za nyumba hii tangu ana 11.

Leo msimamizi wa jikoni ameniandikia kwenye simu: "Tutaonana Machi, mzee, kibanda chako ni kile kile." Nimefurahi, halafu nikaogopa. Huo si ndio uhakika wa kutosha? Nimjibu au ninyamaze kwanza?

Na rufaa, basi, ni faksi au akaunti?

Kutoka: Sele wa Oakland

Faksi bado zipo?

Kutoka: Baba Zawadi (Minnesota)

Vituo vya malori vyote vina faksi. Dola mbili ukurasa.

Kutoka: Mama Tumaini (Philadelphia)

Baba Nuru, bado hujasema uko jimbo gani.