Vitabu vya bure vya vitu vya kale

Ticha_Kiboriloni: Wakuu, nafundisha historia hapa Moshi. Vitabu vya vyungu na sanamu za Wagiriki bei haishikiki. Bure vipo, bila kuiba?

MamaNjiro: Vipo, mwalimu. Getty, taasisi ya sanaa na makumbusho ya Los Angeles, ilifungua vitabu zaidi ya 250 bure mtandaoni mwaka 2014. Katalogi yao ya sanamu za udongo za kusini mwa Italia na Sicily ndiyo naipenda: picha unazikuza mpaka unaona nyufa. Unaweza pia kuishusha yote. Ila ni nzito! Mie bando lilikata katikati, nikalala na hasira.

Dogo_Soweto: Met, makumbusho ya sanaa ya New York, nayo inatoa vya bure tangu 2012.

Ticha_Kiboriloni: Asante mama. Kesho nabeba flashi kwa jirani mwenye waifai.