Sera ya kilimo hai ipo: kikundi cha watu 40 kinapata nini hasa?

Nanasi_Bombo
Salaam wakubwa. Kikundi chetu kiko Luweero, Uganda, wanachama 40, mananasi na kahawa ya robusta kwenye shamba moja. Sera ya Taifa ya Kilimo Hai ilizinduliwa 2020, lakini wilayani tunaambiwa hakuna fungu. Kuna msaada wowote wa kulipia cheti cha kilimo hai? Na tuanze na cheti cha Ulaya au Kilimohai, nembo ya mazao hai ya Afrika Mashariki?

Jembe_Refu
Ndugu, sera si bajeti. Inaeleza serikali ielekee wapi kwenye viwango, utafiti, ugani na masoko, ila haimwandikii mtu hundi. Mkienda kudai "pesa ya sera" mtarudi mikono mitupu. Ombeni kitu ambacho tayari kina mtu wa kukifanya: afisa ugani wa kaunti ndogo afundishe mboji na utunzaji wa kumbukumbu. Barua iende ofisi ya uzalishaji ya wilaya ikitaja idadi ya wakulima, ekari na mazao. Barua isiyo na takwimu huishia kwenye faili.

PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ni shilingi milioni 100 kwa parishi kwa mwaka, hadi milioni 1 kwa kaya, riba asilimia 6. Huo ni mkopo wa kaya. Unafaa kununua mbuzi wa samadi au miche. Kulipia cheti kwa mkopo huo sishauri hata kidogo, maana cheti hakileti shilingi mpaka mzigo uuzwe.

Karani_wa_Vikundi
Kabla ya kuchagua cheti, pigeni hesabu ya ukaguzi. Kwa kanuni ya Ulaya 2018/848, kila mwaka shirika la uthibitishaji hukagua upya asilimia 5 ya wanachama, lakini wasipungue 10. Nyie mko 40, kwa hiyo robo nzima ya kikundi inatembelewa. Mkiwa 200, bado ni 10 walewale! Gharama ya ziara hizo inagawanywa kwa watu mara tano zaidi. Unganeni na vikundi jirani kwanza (mwisho ni wanachama 2,000, na mashamba yawe karibukaribu).

Kikundi lazima kiwe na usajili wa kisheria, kiuze mazao kwa pamoja, na mkaguzi wa ndani afike kwa kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Udhibiti wa ndani ukilegea, cheti kinaweza kuondolewa kwa kikundi chote, hata kwa waliofuata masharti. Kahawa inahitaji miaka 3 ya mpito (kulima kwa masharti ya kilimo hai bila kuuza kama hai) kabla ya mavuno yanayouzwa kama hai. Mahindi na maharage, miaka 2 kabla ya kupanda.

Kilimohai inatumia kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007 na inakubali uhakiki shirikishi, yaani wakulima kukaguana wenyewe. Kwa soko la Kampala na nchi jirani inatosha, na NOGAMU, shirika la kitaifa la kilimo hai Uganda, wanaujua mfumo huo vizuri. Mnunuzi wa Ulaya hataipokea.

Mboji_Kwanza
Mananasi yana mtego wake. Wengi huchochea maua kwa etefoni, dawa ya kemikali, ili shamba lizae pamoja. Kwenye kilimo hai hairuhusiwi. Bila kichocheo matunda hukomaa kwa awamu, kwa hiyo msimuahidi mnunuzi lori zima kwa wiki moja.

Halafu maganda ya kahawa. Yanazuia magugu vizuri, lakini yakitoka kwenye miti yenye ugonjwa wa mnyauko yanabeba kuvu na kuumwaga kwenye robusta yenu. Kwa kuwa mmechanganya mazao, tumieni nyasi kavu, au maganda ambayo chanzo chake mnakijua.

Nanasi_Bombo
Asanteni sana. Jirani anapuliza dawa ya magugu mpakani, na pampu za mgongoni tunaazimana naye. Hilo likoje?

Karani_wa_Vikundi
Pampu ya kuazima ikome leo, kuosha hakutoshi. Mpakani pandeni ua mnene, na mavuno ya mstari wa pembeni yauzwe kivyake kama ya kawaida, yaandikwe daftarini. Magunia yaliyobeba mbolea ya chumvichumvi yasiguse kahawa. Sampuli za kupima mabaki ya dawa huchukuliwa kwa angalau asilimia 2 ya wanachama, na gunia moja chafu likichanganywa kwenye stoo, ni mzigo wote unaokataliwa.