Majaji Alhamisi: slaidi, video au kifaa chenyewe mezani?

Chumvi_Kiasi: Wakuu, habari za jioni. Tuko wanafunzi wanne, Alhamisi tunasimama mbele ya majaji na wazo letu. Tunabishana: twende na slaidi tu, video, au tuwashe kifaa palepale? Msaada wenu.

FundiSolda: Kifaa cha nini? Dakika ngapi? Majaji watatu mezani au ukumbi mzima? Mleta uzi unauliza bei ya nauli bila kusema unakwenda wapi.

Chumvi_Kiasi: Samahani mkuu. Kinapima joto la maziwa kwenye tangi la kituo cha kukusanyia. Likizidi nyuzi 4, meneja anapata SMS. Tumetumia ESP32 (kompyuta ndogo ya kuongoza kifaa), kihisi cha joto cha DS18B20 na SIM800L, moduli ya laini ya simu inayotuma SMS. Dakika 5 za kuongea, 3 za maswali.

MamaHesabu: Slaidi, tena sita zinatosha. Dakika 5 za Kiswahili cha kutulia ni maneno 500 hivi, zaidi ya hapo kengele itawakuta katikati ya sentensi. Kanuni ya Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani, ni slaidi 10, dakika 20, herufi za pointi 30. Nyinyi chukueni hiyo ya herufi, mengine hayawahusu. Slaidi ya pili iwe hasara ya kituo KIMOJA: lita zinazokataliwa kwa mwezi mara bei ya lita. Mkianza na "soko la Afrika Mashariki" majaji wanafungua simu zao. Hifadhini PDF pia, maana fonti hupotea kwenye kompyuta ya watu.

FundiSolda: Slaidi kila kikundi kitakuwa nazo. Washeni kifaa, ila mjue kinapofia. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na ikituma inavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Kikundi kimoja kiliichomeka kwenye USB ya laptop. Nyumbani ilikubali kwa sababu mnara ulikuwa karibu. Ukumbini mtandao hafifu, moduli ikaongeza nguvu, volti ikashuka, kifaa kikajizima na kujiwasha mara nne mbele za watu. Mara ya tano kikawaka, skrini ikaandika -127. Jaji akauliza kama maziwa yametoka mwezini. Kumbe -127 ni kihisi kutosomeka, waya ulikuwa umechomoka walipokuwa wakihangaika. (Ukiona 85 ghafla, hapo kihisi kimewaka lakini hakijapima.) Wekeni betri ya 18650 (lithiamu ya kuchaji) na kapasita ya 1000 µF karibu na moduli, waya mfupi na mnene. Taa ya moduli ikimeta kila sekunde bado inatafuta mtandao, ikimeta kila sekunde 3 imeshika. Msipande jukwaani kabla ya hapo.

Pwani_Kwetu: Ndiyo maana nasema video! Sekunde 40, bila sauti, mnaongea wenyewe juu yake. Iwe ndani ya laptop, si ya kufungua kwa intaneti.

FundiSolda: Video hata ya kitu kisichofanya kazi inapendeza. Majaji wanalijua hilo.

Ng'ombe_Wa_Tanga: Mnabishana kuhusu jukwaa wakati wazo lenyewe lina tundu. Maziwa ya asubuhi yanafika na joto la nyuzi 30 na ushee. Kila yakimiminwa tangini joto linapanda juu ya 4, na meneja anapata SMS kila siku hata mtambo ukiwa mzima. Wiki ya pili anazima simu. Jaji aliyewahi kukanyaga kituo cha maziwa atauliza hilo kwanza. Pimeni kasi ya kushuka: kama baada ya saa 3 tangu kumimina halijafika 4, hapo ndipo mtume.

Chumvi_Kiasi: Duh. Hilo hatukuliwaza. Sasa tukionyesha kila kitu, hawatatuibia?

MamaHesabu: Hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda ulivyoliandika. Hataza (patent) ni habari ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na ukishatangaza hadharani unaweza kujiharibia sifa ya upya.

Pwani_Kwetu: Kwa hiyo wafiche?

MamaHesabu: Waoneshe kinachofanyika, si msimbo (code) wa ndani.

FundiSolda: Kupima joto tu, nani aibe? Dogo, kwa demo weka vikombe viwili, kimoja maji ya barafu, kingine vuguvugu. Chuma cha kihisi kinachelewa sekunde kadhaa, endelea kuongea. Zile saa 3 zifanye sekunde 10 kwa ajili ya demo, na uwaambie kabisa kwamba umezifupisha.

Ng'ombe_Wa_Tanga: Nani analipa lakini, mfugaji au ushirika?

Chumvi_Kiasi: Tunabishana bado. Hiyo 18650 Kariakoo nitapata ya uhakika?

Pwani_Kwetu: Iliyoandikwa mAh 9900 iache palepale, hiyo ni feki.