Kikundi cha familia: Zuhura anajiandaa na safari ya kujitolea

JUMAMOSI

Zuhura: Shikamooni wote. Majibu yametoka, nimechaguliwa! Ni ule msafara wa wanafunzi wa udaktari wanaokwenda kujitolea nje. Hospitali iko kijijini, tutakaa wiki nne. Tunaondoka baada ya wiki saba 🙏

Mama Zuhura: Mungu mkubwa! Mwanangu, machozi yananitoka hapa.

Kaka Idi: Hongera sana mdogo wangu. Utuletee picha, hasa za chumba cha upasuaji.

Baba Mdogo: Hongera binti yangu. Nina wazo. Kila nyumba humu ina dawa zilizobaki kabatini. Tuzikusanye abebe sanduku zima, wenzetu kule wana shida nazo kuliko sisi.

Mama Zuhura: Kweli shemeji. Mimi nina zile za kifua hata nusu hatukumaliza.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, hongera. Ndiyo kwanza natoka zamu. Kaka, nakuomba hilo la dawa tuliache. Dawa ambayo mgonjwa alishapewa ikabaki nyumbani haitolewi msaada, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza tangu 1996. Hata dawa mpya inatakiwa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kuisha muda. Mfamasia wa pale atashinda akichambua vidonge visivyojulikana vimekaaje, halafu ahangaike pa kuviteketeza.

Baba Mdogo: Sikulijua hilo dada. Basi nisaidie nini?

Shangazi Rehema: Zuhura awaulize wenyewe wamepungukiwa nini. Wakijibu, tutachanga.

Mama Zuhura: Wifi, nimetoa kadi yake ya njano. Chanjo ya homa ya manjano alichomwa 2012, imeandikwa mwisho 2022. Arudie?

Shangazi Rehema: Hapana. Tangu Julai 2016 cheti kile ni cha maisha, hata vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi. Kitunze pamoja na pasipoti. Na pasipoti yenyewe itazame leo, nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele.

Zuhura: Pasipoti iko sawa, bado miaka mitatu. Ila shangazi, homa ya ini B nilichomwa mbili tu. Ya tatu sikwenda, tulikuwa kwenye mitihani.

Shangazi Rehema: Mbili! Na unaingia wodini kila wiki? Mwanangu, hiyo kachome Jumatatu. Hauanzi upya, unaendelea pale ulipoishia. Mwezi mmoja baadaye unapimwa damu kuona kama kinga imejengeka, kipimo kinatakiwa kifike 10 au zaidi. Kwa wiki saba zako inatosha, ukichelewa haitatosha. Siku hiyohiyo muulize daktari na chanjo ya homa ya matumbo, maana ile ya sindano inataka wiki mbili kabla ya safari.

Mama Zuhura: Na malaria je? Nimesoma kwenye barua yao kwamba ipo.

Shangazi Rehema: Daktari atamchagulia dawa ya kinga. Wengi hukosea mwishoni, wakifika nyumbani wanaziacha. Akipewa doksisaiklini ataendelea nayo wiki nne baada ya kurudi. Ile ya atovakwoni na proguanili ni siku saba. Na chandarua vilevile.

Zuhura: Nimeandika yote. Jamani nina furaha! Waliotangulia mwaka jana wametuambia kule unashika kila kitu. Kushona vidonda, hata kuzalisha. Hapa mwaka wa tatu tunasimama nyuma tu tukitazama.

Kaka Idi: Safi, utarudi umekomaa.

[Shangazi Rehema amefuta ujumbe huu]

Shangazi Rehema: Nimefuta kwa sababu niliandika kwa hasira, na wewe hujakosa kitu. Naanza tena.

Shangazi Rehema: Zuhura, hapa hauruhusiwi kushona kwa sababu bado hujafundishwa ukajua. Ukipanda ndege hauongezeki ujuzi. Yule mama atakayejifungua mbele yako hatajua kwamba wewe ni mwaka wa tatu. Ataona koti jeupe na mgeni aliyetoka mbali, atakuamini. Akichanika vibaya, wewe utakuwa umesharudi na yeye atabaki na kidonda chake.

Nikueleze nililowahi kumweleza baba yako tu. Nikiwa mwanafunzi, kwenye hospitali moja nisiyoitaja, niliachwa peke yangu na wagonjwa wengi, nikataka kuonekana naweza. Nikarudishia sindano kifuniko chake, ikanichoma kidole. Niliona aibu, nikanyamaza mpaka kesho yake. Siku nzima! Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema kadiri inavyowezekana, mwisho saa 72, na unazimeza siku 28. Nilizimeza kwa hofu ambayo sitaki uijue. Nilipona, lakini ile siku ya kunyamaza bado inaniuma.

Kwa hiyo waandikie maswali haya. Msimamizi wetu ni nani, na usiku yuko nani? Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaruhusiwa kufanya nini? Dawa za baada ya kujichoma ziko palepale hospitalini au zinafuatwa mji mwingine? Bima yetu inalipia kusafirishwa mgonjwa akizidiwa? Wakikwepa kujibu, usiende. Nauli ikipotea, nitakurudishia mimi mwenyewe.

Mama Zuhura: Wifi 😢 Hukuniambia kamwe.

Zuhura: Asante shangazi. Naandika barua pepe usiku huu.

Kaka Idi: Mdogo wangu, na ile habari ya picha nimeifuta. Ningekuwa mimi nimelala kwenye kitanda kile nisingetaka.

JUMANNE

Zuhura: Wamejibu! Msimamizi ni daktari wa hospitali hiyohiyo, usiku yupo tabibu wa zamu. Mwaka wa tatu: kuchukua maelezo ya mgonjwa pamoja na mkalimani, kupima presha na joto, kusaidia kliniki ya watoto kupima uzito. Kuzalisha tunatazama tu, na mama mwenyewe akikubali. Dawa za kujichoma zipo stoo yao. Bima inalipia usafiri wa dharura. Na baba mdogo, wameomba mashine za kupimia presha na kanda za kupimia mzingo wa mkono wa mtoto, kujua kama ana utapiamlo.

Baba Mdogo: Mashine mbili nanunua mimi. Waulize wanataka za betri au za kupampu kwa mkono, nisinunue kitu kitakacholala kabatini.

Shangazi Rehema: Hiyo ni hospitali inayojiheshimu. Nenda mwanangu. Chanjo?

Zuhura: Jana asubuhi nilichoma. Mkono unauma kidogo. Nimeanza pia kujifunza lugha yao: salamu, "inauma wapi" na "nisamehe, nitakugusa hapa".

Mama Zuhura: Bibi yenu amesikiliza yote nikimsomea. Anasema: mgonjwa asiye na ndugu wa kumkalia, ukae naye ukimaliza kazi, hilo halitaki cheti.

Zuhura: Mwambie bibi nimesikia. Nitakaa.

Shangazi Rehema: Tarehe ya kupimwa damu umeandikiwa?

Zuhura: Bado.

Shangazi Rehema: Rudi kesho waiandike kwenye kadi, unipigie picha.