Mjadala: Ni kweli Wayahudi wa Ulaya walitelekezwa na ndugu zao wa Marekani?

Mleta mada:
Wakuu, kuna hoja naisikia kila mara na inaniuma: kwamba Wayahudi walionaswa Ulaya enzi za Hitler walikuwa na ndugu Marekani, na ndugu hao wangetaka kweli, wangewatoa. Naipinga. Wauaji walikuwa Wanazi, hapo hatubishani. Swali ni nani aliyefunga mlango wa kutokea, nami nasema ni serikali zilizoshika funguo.

Chukueni familia ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara mafichoni Uholanzi. Wajomba zake wawili, Julius na Walter Holländer, walikuwa wameshafika Massachusetts. Walijaza hati za kiapo kuwadhamini dada yao, shemeji yao na watoto, na waajiri wao nao wakatoa za kwao. Otto, baba yake Anne, alikuwa pia na rafiki wa tangu chuoni, Nathan Straus, mtu wa ukoo tajiri na kiongozi serikalini. Aprili 1941 alimwandikia akiomba dola 5,000 za dhamana. Nani alikuwa na watu wa kumshika mkono kuliko huyu? Lakini maombi yao ya mwanzo ya viza yalikuwa yameteketea Mei 1940, ubalozi mdogo wa Marekani mjini Rotterdam, Uholanzi, ulipopigwa mabomu. Juni 1941 Marekani ikaanza kuwanyima viza wenye ndugu wa karibu katika nchi zilizotekwa na Ujerumani, ikihofia watalazimishwa kuwa majasusi. Yaani undugu uleule uliotakiwa kama dhamana upande mmoja, upande wa pili ukageuzwa kosa! Otto akajaribu Cuba. Viza yake ikatoka tarehe 1 Desemba, ikafutwa siku chache baadaye Ujerumani ilipotangaza vita dhidi ya Marekani. Katika wanne wa nyumba ile, ni yeye tu aliyetoka kambini hai.

Mchangiaji:
Mkuu, inasikitisha, ila serikali ile nayo ilikuwa na watu wake. Uchumi ulianguka 1929, mamilioni wakakosa kazi. Kumdai mgeni mdhamini mwenye vielelezo vya kodi na akiba benki si ukatili. Na mwaka 1939 mgawo wote wa Ujerumani na Austria, yaani idadi ya juu ya viza kwa mwaka, 27,370, ulitumika.

Mleta mada:
Ulitumika, ndugu yangu, lakini kwa mara ya kwanza tangu Hitler aingie madarakani 1933. Miaka yote ya kabla, nafasi zilibaki wazi huku watu wakizihitaji. Kufikia katikati ya 1939 waombaji zaidi ya 300,000 walikuwa kwenye foleni. Mwaka huohuo muswada wa wabunge wa Marekani Wagner na Rogers uliomba watoto 20,000 tu, wasiozidi miaka 14, waingie nje ya mgawo. Familia za Marekani zilijitokeza kuwalea. Uingereza ilikuwa tayari inapokea watoto waliokaribia 10,000. Muswada ukafia kwenye kamati. Sasa nijibu hili: mtoto wa miaka kumi angemnyang'anya nani kazi?