Kupiga mbizi kwenye mashua ya uvuvi iliyozama

Swali
Wapiga mbizi wenzangu, nina cheti cha awali na nimealikwa kuzamia kwa mtungi kwenye mashua ndogo ya uvuvi iliyolala mita 18 chini. Niogope nini zaidi, na je, inafaa kuingia ndani?

Jibu la kwanza
Ndugu, hofu kubwa iwe nyavu na mishipi, kwa maana hubaki zimenasa kwenye mlingoti na rafadha kwa muda mrefu, wala hazionekani vizuri maji yakichafuka. Beba kisu mahali ambapo mkono wowote utakifikia. Ukinaswa, usijigeuzegeuze, mwache mwenzako akate.

Jibu la pili
Usiingie. Chumba cha mashua kama hiyo ni chembamba, na teke moja la pezi huinua tope linaloficha mlango kabisa. Isitoshe, kwa kina hicho shinikizo hukaribia mara 3 ya lile la juu, na hewa ya mtungi huisha haraka kwa kadiri hiyohiyo.

Jibu la tatu
Nakubaliana, na kwa kweli uzuri uko nje, ambako samaki hukusanyika kivulini mwa ubavu wa mashua. Usishike chochote, kwani wenye miiba ya sumu hujificha humo. Ukipanda, usizidi mita 9 kwa dakika, kisha tulia kwenye mita 5 kwa dakika 3.