Tupeane uzoefu: kushabikia timu isiyo na hela kwenye besiboli ya Marekani

Wakuu mlioko Marekani, jana nimekuta jezi ya Hosmer, nyota wetu wa zamani wa Royals, kwenye duka la mitumba hapa Kansas City, moyo ukauma upya. 2015 tulibeba kombe la World Series, fainali ya ligi, mbele ya Mets ya New York. Msimu wa 2017 ulipoisha, mikataba ya wachezaji nayo ikaisha: Hosmer akaenda San Diego, mwenzake Cain Milwaukee. Nyie yamewakuta yapi?

BabaPittsburgh: Nyie angalau mlibeba. Sisi la mwisho ni 1979. Januari 2018, ndani ya siku chache, nyota wetu wawili wakaondolewa: Cole kapelekwa Houston na McCutchen San Francisco. Binti yangu alikuwa na picha ya McCutchen ukutani. Akaniuliza, "Baba, kwani kakosa nini?"

Mswahili_Ohio: Naunga mkono. Inauma.

MdauLA: Msitulaumu sisi wenye hela. Dodgers wetu wa Los Angeles wanatumia wanachoingiza. Tena kila timu inachangia 48% ya mapato inayoingiza mjini kwake, mfuko unagawanywa sawa kwa timu 30. Waulizeni wamiliki wenu mgao wanaupeleka wapi.

BabaPittsburgh: Mgao gani utafika kwenye mkataba wenu wa televisheni wa miaka 25, zaidi ya dola bilioni 8? NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hela ya televisheni ya taifa wanagawana sawa. Huku kila mji unauza mechi zake, na mji mdogo una watazamaji wangapi? Mchezaji wenu Ohtani peke yake mkataba wa dola milioni 700!

MdauLA: Milioni 680 kati ya hizo kakubali alipwe baadaye. Semeni yote.

MamaOakland: Wanangu, mnabishania wachezaji, sisi tumenyang'anywa timu yenyewe, Athletics. Nilikuwepo Coliseum, uwanja wetu wa Oakland, 26 Septemba 2024, mechi ya mwisho pale. Uwanja ambao siku za kawaida unajichagulia siti, siku ile watu zaidi ya 46,000. Tukaifunga Texas 3-2, na jirani yangu analia kama kafiwa. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha kujaza kadi ya kurekodi mechi kwa penseli, kule juu kwenye siti za bei rahisi. 2002 Yankees wa New York walikuwa wameshamchukua nyota wetu Giambi kwa dola milioni 120, mishahara ya timu yetu nzima ni kama theluthi ya yao, na bado tukashinda mechi 103, sawasawa na wao, 20 kati ya hizo mfululizo. Mechi hizo zote nina kadi zake. Siku ya mwisho mfanyakazi wa uwanja akanichotea udongo kwenye kikombe cha karatasi. Timu iko Sacramento sasa, inasubiri Las Vegas.

Mswahili_Ohio: Pole sana mama. Kadi hizo usimpe mtu.

KijanaTampa: Hamieni kwetu. Kwa mishahara midogo tumefika World Series 2008 na 2020.

BabaPittsburgh: Na zote mkafungwa. Dawa ni kikomo cha mishahara, kila timu isizidishe kiasi fulani. Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji unaisha Desemba 2026, wamiliki wakomae.

MdauLA: Wachezaji waligomea kikomo hichohicho 1994, World Series ikafutwa. Mnataka irudie?

BabaPittsburgh: Ifutwe. Kwetu haijafika tangu 1979.